Panga marudiano: namna ya kuugeuza umati wa AFCON kuwa hadhira ya sanaa Dar

Jumamosi ya tarehe 2 Agosti 2025, Taifa Stars ilifungua michuano ya CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa kuifunga Burkina Faso 2-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mchana wa siku hiyo kikundi chetu kilikuwa na ngoma na igizo fupi katika kiwanja cha mtaa, upande wa Keko, mwendo wa miguu tu hadi uwanjani. Watu walifurika. Watoto walipanda ukuta, mama muuza mihogo alimaliza beseni lake kabla ya saa kumi, na vijana wenye jezi za taifa walicheza mdundiko pamoja nasi mpaka vumbi likafunika ngozi za ngoma. Tulilala tumeridhika.

Mwezi uliofuata tukatangaza igizo jipya, kiwanja kilekile, saa ileile. Wakaja watu kumi na mmoja. Wanne kati yao ni ndugu zetu.

Nilikaa na hesabu hiyo siku nyingi. Wale watu wa Agosti hawakutukataa. Walikuja, wakacheka, wakacheza, wakaenda zao kwenye mechi. Sisi ndio tuliowaacha waende mikono mitupu. Hatukuwaambia tutaonana lini. Hatukuwa na namba ya simu hata moja. Jina la kikundi halikuandikwa popote pale kiwanjani, kwa hiyo hata aliyetupenda hakuwa na la kumwambia jirani yake zaidi ya "wale wa ngoma".

Sasa AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, pamoja na Kenya na Uganda. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupa uenyeji Septemba 2023, na timu 24 zitacheza Afrika Mashariki. Wasanii wengi wa Dar wameshaanza kuota jukwaa kubwa na taa. Mimi ninawaandikia wenye vikundi vidogo: ngoma, maigizo, ushairi, uchoraji, wenye ukumbi wa watu hamsini au mia. Ninayowaomba ni kitu kimoja, na hatua zote zilizo hapa chini zinakitumikia: pangeni onyesho la wakati wa mashindano kama mchezo wa kwanza, na onyesho la baada ya mashindano kama marudiano. Shabiki wa mpira anaelewa marudiano bila kufundishwa. Anajua kwamba dakika 90 za kwanza hazimalizi kitu.

Hatua ya kwanza: anza na tarehe ya baada ya fainali

Kabla ya bango, kabla ya jukwaa, kabla hata ya kumtafuta mfadhili, chukua kalenda. Ratiba ya mashindano ikishatoka, weka alama siku ya fainali. Halafu chagua tarehe tatu baada ya hapo, zenye nafasi ya wiki nne au tano kati yake, na uende ukazungumze na mwenye ukumbi au kiwanja sasa hivi. Tarehe hizo tatu ndizo mradi wako. Yote utakayofanya wakati wa mechi ni matangazo yake.

Siku iwe ileile kila mwezi: Jumamosi ya kwanza, au Alhamisi ya mwisho. Jiji hili linafuata mazoea. Wapenzi wa dansi waliowapenda Msondo na Sikinde walijua bendi yao iko wapi siku gani. Hawakungoja tangazo la redio ndipo watoke nyumbani. Mtu aliyechoka na foleni ya Barabara ya Mandela hatakumbuka tarehe inayohamahama.

Angalia pia mfuko wa mtu. Onyesho la kiingilio lipangwe kati ya tarehe 25 na tarehe 5, mshahara ukiwa bado una joto. Katikati ya mwezi watu wamekauka, na hilo halihusiani na ubora wa igizo lako. Januari kuna ada za shule. Ramadhani na Kwaresma zina utaratibu wake, na kikundi kinachouheshimu kinakumbukwa kwa heshima hiyo.

Kama unadhani ni mapema mno, tazama London. Michezo ya Olimpiki ilikuwa 2012, lakini mpango wa utamaduni ulioambatana nayo ulianza 2008, miaka minne kabla. Tamasha kubwa la kufungia, lililoanza Juni 21 na kuisha Septemba 9 mwaka 2012, lilikuja watu wakiwa wameshazoea. Sisi hatuna miaka minne. Tuna miezi, na miezi inatosha kikundi kidogo kikianza leo.

Hatua ya pili: jua shabiki yuko wapi kila saa

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku ya mechi kubwa, tembea kwa miguu. Usipige ngoma, usigawe kipeperushi. Tembea na daftari tu. Utaona mambo ambayo huwezi kuyajua ukiwa ofisini. Asubuhi wauza jezi na bendera wanapanga bidhaa kwenye kamba. Adhuhuri watu wa mikoani wanaanza kushuka, wana njaa na hawajui choo kiko wapi. Geti likifunguliwa, wenye tiketi wanaingia mapema sana na kukaa juani, maana nafasi nzuri hazisubiri. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000. Hao wakishaingia umewapoteza mpaka usiku. Mechi ikiisha kila mtu anakimbilia usafiri. Hakuna anayesimama kutazama sarakasi saa nne usiku wakati daladala ya mwisho ya Mbagala inajaa mbele ya macho yake. Niliwahi kuliona kundi zuri la sarakasi likipiga piramidi mbele ya migongo ya watu wanaokimbia, na nilisikitika kwa ajili yao.

Kwa hiyo siku ya mechi una nafasi mbili tu. Ya kwanza ni mchana, muda wa saa tatu au nne kabla ya filimbi ya kuanza, kwenye njia za waendao kwa miguu. Onyesho liwe fupi, dakika kumi na tano, lirudiwe mara tatu. Mtu anayepita asihitaji kujua mwanzo ili aelewe mwisho.

Nafasi ya pili ni kibanda umiza, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wengi wa wanaoipenda Stars hawako uwanjani. Wako kwenye mabanda ya Tandale, Manzese, Mbagala, Gongo la Mboto, kwenye mabenchi ya mbao, wamebanana bega kwa bega mbele ya televisheni. Wamelipa kiingilio chao, mia tano au buku, mkononi. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye suala la fedha. Mapumziko ni dakika kumi na tano. Tano za mwanzo zinakwenda kwa wanaotoka nje kuvuta hewa na kununua maji. Mbili za mwisho zinakwenda kwa wanaorudi kugombea viti. Zinabaki nane. Ndani ya nane hizo, mshairi mmoja au mchekeshaji mmoja mwenye sauti ya kutosha, bila kipaza sauti, anaweza kulishika banda zima.

Zungumza na mwenye banda wiki moja kabla, uso kwa uso, na umsikilize anachotaka. Mmoja aliniambia: "Kaka, sina shida na wewe. Ila dakika ya 46 sauti yako nisiisikie." Tulikubaliana na tukatimiza. Msichana wetu mmoja alisimama juu ya kreti la soda akaghani shairi la beti sita juu ya mwamuzi na mama mkwe, akamaliza wachezaji wakiwa wanatoka vyumbani. Banda lilipiga makofi kama vile bao limeingia. Kabla hajashuka alisema sentensi moja: "Jibu la shairi hili mtalipata Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kiwanja cha pale msikitini, saa kumi na moja jioni." Mwenye banda mwenyewe alikuja siku hiyo, na aliwaleta vijana wanne.

Maonyesho yako marefu yaweke siku zisizo na mechi. Kati ya mchezo mmoja wa makundi na mwingine timu hupumzika siku kadhaa, na mashabiki wamebaki na hamu isiyo na pa kwenda. Wageni wapo mjini, wenyeji wamechangamka, hakuna kinachoshindana nawe. Anza baada ya swala ya Alasiri, simama wakati wa Magharibi, na mapumziko hayo yatumie kwa chai na kashata.

Hatua ya tatu: wape watu upande wa kushabikia

Tunasikia mara kwa mara kwamba Watanzania wanapenda mpira, sanaa hawana habari nayo. Siliamini hilo. Ushabiki wa pande mbili ulikuwa kwenye ngoma za mji huu tangu zamani. Baada ya vita ya kwanza ya dunia watu wa Dar walikuwa Marini au Arinoti kwenye ngoma ya beni, wenye sare zao na vyeo vyao. Kwenye taarab palikuwa na vikundi vya Al-Watan na Egyptian. Kwenye dansi, Msondo na Sikinde. Malenga wakajibizana magazetini, huyu akitega, yule akitegua. Anayebishana kijiweni juu ya Simba na Yanga, akikumbuka kila bao la miaka kumi iliyopita na nani alipiga krosi, ana kumbukumbu na mapenzi yaleyale ambayo sanaa inayahitaji. Kinachokosekana ni sisi kumpa upande.

Kwa hiyo panga kitu chenye pande mbili. Malumbano ya ushairi kati ya mitaa miwili. Wachoraji wawili, kuta mbili zinazotazamana, siku tano za kuchora. Kikundi cha mdundiko na kikundi cha sindimba, kila kimoja na wapenzi wake. Singeli ya Manzese dhidi ya mchiriku wa wazee waliouanza mwendo huo kabla yao. Hii ya mwisho ningetoa fedha yangu mwenyewe kuiona.

Halafu, na hapa ndipo penye uzito wa hatua hii, usimalize. Mchezo wa kwanza uishe bila mshindi wa jumla. Kura zihesabiwe, matokeo yaandikwe ubaoni, na mshereheshaji atangaze tarehe ya marudiano palepale, watu wakiwa bado wanabishana. Mtu atarudi kwa sababu ana deni na mtaa wa pili.

Ushindani uwe wa mitaa. Simba na Yanga waachie wenyewe: jezi na nembo zao ni mali yao, na ukizitumia nusu ya jiji itasusa kabla hujaanza. Weka pia waamuzi wenye umri na heshima, wa pande zote mbili, maana utani ukikosa mzee wa kuucheka kwanza unaweza kugeuka ugomvi.

Na usiitundike programu yako kwenye matokeo ya Stars. Tarehe 22 Agosti 2025 tulitolewa na Morocco robo fainali, 1-0, nyumbani kwetu. Niliwaona waliokuwa wameandaa sherehe ya nusu fainali wakikunja maturubai. Andaa kitu cha jioni ya huzuni. Taarab ya polepole, mashairi, hadithi za wazee waliokuwepo Stars ilipocheza AFCON yake ya kwanza Nigeria mwaka 1980. Watu walioumia pamoja hukaa pamoja muda mrefu kuliko walioshangilia.

Hatua ya nne: vibali, na jina lako mwenyewe

Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwanza, kabla ya yeyote. Halafu afisa utamaduni wa manispaa yako, kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na taarifa polisi kwa ajili ya mkusanyiko na usalama. Wakati wa mashindano ofisi hizi zinazidiwa. Omba miezi mitatu kabla na uweke nakala ya kila barua. Waambie majirani saa utakayozima spika, kisha uzime saa hiyo.

Jina la mashindano, nembo, kikaragosi na picha ya kombe ni mali ya CAF. Usiviweke kwenye bango lako wala kwenye fulana. Kuonyesha mechi hadharani kwenye skrini kubwa nako kuna mwenye haki zake. Uliza kabla ya kukodi projekta.

Wengine wanaona katazo hilo ni hasara. Mimi nimelipokea kwa mikono miwili. Tamasha linaloitwa kwa jina la mashindano linakufa siku ya fainali. Liite kwa jina la mtaa wako, na jina hilo litakuwepo mwezi unaofuata na mwaka unaofuata.

Hatua ya tano: daftari

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Nunua daftari kubwa la kaunta, lenye jalada gumu. Funga peni mbili kwa kamba, maana peni moja itaondoka. Weka meza mahali watu wanapotokea, kwa kuwa anayeingia bado hajakupenda. Waketishe watu wawili wenye tabasamu na mwandiko unaosomeka. Safu ziwe nne: jina, namba ya simu, mtaa anaokaa, na kitu alichokipenda. Hiyo ya mwisho watu huipuuza, na ndiyo itakayokufaa kuliko zote. Ukimpigia mtu wiki ijayo ukamwambia "ulisema ulipenda yule babu wa marimba, Jumamosi yupo", umeongea naye, hujamtangazia.

Maneno ya mezani yawe mepesi. "Shikamoo mama, marudiano ni Jumamosi ya kwanza. Nikuandike nikukumbushe?" Akikataa, mshukuru na umpe kadi hata hivyo.

Kuna sheria hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu ajue kwa nini unachukua taarifa zake na akubali, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andika juu ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa: namba hii itatumika kukukumbusha maonyesho yetu tu, ukitaka kutolewa tuambie. Usimwandike mtoto bila mzazi wake. Usimpe mfadhili daftari hilo, hata akikubembeleza kwa fedha nzuri. Na usiku ule, kabla hujalala, lipige picha kurasa zote. Mvua ya Dar haimwonei mtu huruma.

Msimbo wa kuchanganua kwa simu unaweza kuuweka pembeni kwa wanaoupenda. Lakini juani watu hawaoni kioo, bando limeisha, na wazee wengi wanatumia kitochi. Karatasi inamfikia kila mtu.

Kila anayeondoka aondoke na kadi ndogo. Upande mmoja jina la kikundi na mahali, kwa alama ambayo dereva wa bodaboda anaijua. Upande wa pili tarehe tatu za marudiano. Iwe saizi ya kuingia kwenye kava la simu. Nimeikuta kadi yetu moja imebandikwa kwenye kioo cha bajaji miezi minne baadaye, na dereva hakujua kwamba abiria wake ndiye aliyeikata kwa mkasi.

Hatua ya sita: kiingilio

Mchezo wa kwanza uwe bure. Marudiano yawe na kiingilio kidogo, Sh 2,000 au 3,000, na ninashikilia neno hili ingawa wenzangu wengi hawakubali. Kitu cha bure mtu anakiahirisha kwa sababu yoyote: mvua, uchovu, jirani kaja. Aliyeshalipa kwa lipa namba siku ya Jumatano ameshaiweka Jumamosi kwenye akili yake. Na wale wa kibanda umiza wametuonyesha kwamba mtu wa kipato cha chini analipia burudani kila wiki, ilimradi ajue anachokwenda kukiona na akikute kweli.

Asiyeweza kulipa asifukuzwe. Mpe kazi ya kupanga viti, au mwache aingie na watoto wake. Waambie walinda mlango hivyo kabla, ili wasibishane mbele za watu.

Kwenye bajeti, theluthi moja ya fedha itengwe kwa ajili ya baada ya mashindano, na iwekwe kwenye akaunti isiyoguswa. Ukiwa na milioni 3, milioni 1 isubiri. Vikundi vingi hutumia yote kwenye jukwaa na spika za siku moja, kisha vinakosa hata nauli ya wapiga ngoma wa marudiano. Ukienda kwa mfadhili, mwombe miezi sita. Akitaka kulipia siku ya mechi tu, mweleze kwa utulivu kwa nini siku hiyo pekee haitoshi.

Hatua ya saba: saa 48

Ndani ya siku mbili kila aliyeandika namba apate ujumbe, na uwe wa mtu mmoja kwa mtu mmoja. Kwa wa kitochi ni SMS:

"Habari Mama Zawadi, ni kikundi cha ngoma tulioonana Jumanne. Asante kwa kuja. Matokeo: Keko 41, Chang'ombe 38. Marudiano Jumamosi ya kwanza, saa 11 jioni, palepale. Karibu na wajukuu."

Usitume picha kumi na mbili na wimbo. Usiwaingize watu kwenye grupu la WhatsApp bila kuwauliza. Hakuna kinachomkimbiza mtu haraka kama kuamka na kukuta ameunganishwa na watu mia mbili asiowajua. Grupu liwepo kwa anayetaka, na viongozi tu ndio waandike, mara moja kwa wiki.

Siku moja kabla ya marudiano, piga simu. Ndiyo, piga. Majina 200 kwa watu watano ni simu arobaini kila mmoja, jioni mbili. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna bango lililowahi kutuletea watu kama simu hizo.

Hatua ya nane: siku wanaporudi

Anayerudi apokelewe kama aliyerudi. Mtu wa mlangoni awe na orodha na aseme jina. Maonyesho yaishe saa tatu usiku ili kina mama na wenye watoto wapate usafiri. Ukivuta mpaka saa tano, mwezi ujao utabaki na vijana wa kiume tu. Choo kiwe na maji na taa. Pawe na mkeka mbele kwa watoto.

Pawe pia na njia ya kiti cha magurudumu, na mkalimani wa lugha ya alama kama unaweza kumpata. Hili si pambo. Kwenye mpango ule wa utamaduni wa London 2012 palikuwa na programu ya kazi za wasanii wenye ulemavu iliyoitwa Unlimited. Mashindano yaliisha, jukwaa likabomolewa, na Unlimited ipo mpaka leo ikiagiza kazi mpya. Ilidumu kwa kuwa ilijibu haja ya watu waliokuwepo kabla ya michezo na waliobaki baada yake.

Mwaka uleule ukumbi wa Globe ulikaribisha tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na mojawapo ilichezwa kwa Kiswahili na waigizaji kutoka Kenya. Ninalitaja kwa ajili ya 2027. Majirani zetu watashuka hapa wakiwa na lugha moja na sisi, na Siku ya Kiswahili Duniani ni Julai 7, siku yetu ya Sabasaba. Malumbano ya ushairi ya Dar na Mombasa, mchezo wa kwanza hapa, marudiano kwao: hilo halihitaji mkalimani wala skrini.

Hatua ya tisa: hesabu waliorudi

Usihesabu umati. Umati ni wa mpira. Chukua daftari, na mbele ya kila jina weka alama kwa kila mara mtu alipokuja. Mwisho wa miezi mitatu hesabu wenye alama mbili, kisha wenye alama tatu. Ukiwa na majina 200 na 20 yana alama tatu, hao ishirini ndio hadhira yako. Waite kwenye chai. Waulize waone nini mwezi wa nne, na uwasikilize hata wakitaka kitu ambacho hukukifikiria. Kila mmoja aje na mtu mmoja.

Sisi tulianza upya Oktoba, bila mashindano yoyote, kwa kutumia ligi ya mtaa ya vijana kama mazoezi ya 2027. Jina la kwanza kwenye daftari letu jipya ni la mama muuza mihogo. Ana alama nne. Juzi alinipigia yeye, kabla sijampigia, akitaka kujua kama Jumamosi tunaanza saa kumi au saa kumi na moja, ili ajue akaange mihogo kiasi gani.